Gesi buku na nusu, foleni hatukuihesabu: kisa cha bajaji 12 za kijiwe kimoja Dar

Kabla sijaanza

Majina sitaji, kijiwe sikitaji, itoshe kusema ni wilaya ya Ubungo, karibu na barabara ya Mandela kiasi kwamba ukikaa hapo usiku unasikia malori ya bandarini mpaka kunakucha. Mimi si dereva. Nina kibanda cha kutoa na kuweka pesa za simu hapo hapo kijiweni na ndo nilikuwa mwandishi wa daftari la kikundi, kwaiyo hesabu zote humu zimepita kwenye kalamu yangu, nimezizungusha kidogo tu ili mtu asijitambue kirahisi. Naandika kwa sababu vijiwe vingine vinakuja kuniuliza "nyie mlifanyaje mambo ya gesi" na nikijibu kwa dakika mbili wanaondoka na nusu ya habari, na nusu yenyewe ni ile tamu.

Kijiwe kilivyokuwa

Wanachama 12. Watano bajaji ni zao kabisa, wanne wako kwenye mkataba, yaani wanalipa kila siku mpaka bajaji iwe yao, na watatu wanaendesha za watu kwa hesabu, elfu 20 kwa bosi kila siku iendayo kwa Mungu, mvua inyeshe isinyeshe. Wese anaweka dereva. Hilo la wese anaweka dereva na siyo bosi naomba mlikumbuke, nitalirudia huko mbele.

Bajaji ya hapa kwetu inatembea kilomita 130 mpaka 150 kwa siku, inakunywa lita tano na nusu hivi. Mauzo siku ya kawaida elfu 48. Ila hela haiji kwa kujigawa siku nzima, inakuja kwa mikupuo miwili, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu watu wakienda kazini na watoto shule, halafu saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku. Mchana wa katikati ukipita utawaona wamelala ndani ya bajaji miguu imetoka nje, anayeamka anaamka kwa ajili ya chai tu.

Kibubu cha kikundi kilikuwa na milioni nne na laki moja. Ilikuwa ni hela ya misiba, matairi, na mtu akikamatwa na matrafiki.

Wese lilivyotupiga

EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, wanatangaza bei kikomo ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kijiweni Jumatano hiyo ni kama siku ya matokeo ya mtihani. Julai 2023 petroli kwa Dar ilikuwa shilingi 2,736 kwa lita. Agosti ikasomwa 3,199. Shilingi 463 kwa mkupuo mmoja! Oktoba ikafika 3,281. Sasa lita tano na nusu kwa bei hiyo ni elfu 18, toa kwenye mauzo ya elfu 48 unabaki na 30, toa 20 ya bosi, unarudi nyumbani na elfu 10 ambayo bado hujanunua maji ya kunywa wala hujatoboa tairi.

Kibaya zaidi ni zile siku za mwisho wa Julai kabla bei haijapanda. Wese likapotea. Unaingia sheli unakuta pampu imefungwa kamba, kijana amekaa kwenye kiti cha plastiki anakwambia "hakuna", na wewe unajua lipo ila linasubiri Jumatano. Baadaye EWURA ilikuja kufungia vituo kadhaa kwa kuficha mafuta, lakini wakati ule sisi tulikuwa tunanunua ya chupa ya maji, lita moja elfu tano, na ukiinua chupa juani unaona kabisa rangi imefifia.

Kwanini ilitokea? Kijiweni kila mtu alikuwa na yake. Ukweli ni kwamba mambo yalijipanga matatu kwa pamoja. Dunia inatumia mapipa kama milioni 100 kwa siku, na wale wa OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, na wenzao akina Urusi walishakata milioni 2 tangu Novemba 2022, halafu Saudi Arabia akaongeza kukata mapipa milioni 1 peke yake kuanzia Julai 2023. Mwisho wa Septemba pipa likawa juu ya dola 90. La pili, dola yenyewe ilikuwa haishikiki hapa nchini mwaka ule, muagizaji ana shilingi zake benki lakini dola ya kumlipa muuzaji hana. La tatu, sisi hatusafishi hata tone, ile TIPER ya Kigamboni, iliyokuwa kiwanda cha kusafisha mafuta, siku hizi ni matenki ya kuhifadhia, kila lita inakuja na meli ikiwa imeshakuwa petroli tayari. Kwaiyo mtu akifunga bomba kidogo Riyadh, mama wa Kimara anayewahi kazini anaongezewa jero.

Mzee wetu wa kijiwe, mtu wa miaka sitini na kitu ambaye alikuwa utingo wa malori enzi zake, alikuwa anacheka tu. Anasema nyie mnalia bei, sisi enzi za Mwalimu Jumapili ikifika saa nane mchana gari binafsi hairuhusiwi barabarani bila kibali, mafuta yanaokolewa. Ndo dunia ilivyokuwa baada ya Waarabu kubana mafuta 1973, pipa likatoka kwenye dola 3 likasogelea 12, halafu yakaja mapinduzi ya Iran 1979. "Mafuta hayajawahi kuisha," anasema, "ila kila mara kuna mtu kasimama mlangoni." Nililiandika hilo pembeni ya daftari bila kujua nitalihitaji.

Tulichokuwa nacho mezani

Kikao kilikaa Jumapili moja ya Septemba nyuma ya kibanda changu, kreti za soda ndo viti. Yalitajwa mambo manne.

Kupandisha nauli. Tukajaribu, jero juu, wiki ya kwanza tu abiria wakahamia boda na wengine wakaanza kutembea mpaka kituoni. Ikafa.

Kuweka akiba ya petroli kwenye madumu wakati bei iko chini. Kuna aliyekuwa na chumba. Mwenyekiti akauliza nani atalala na dumu kumi za petroli na watoto wake, kimya. Ikafa hata kabla haijapigiwa kura.

Bajaji ya umeme. Hii vijana waliipenda. Ila bei yake ni kununua chombo kipya, na tayari mgao wa umeme ulikuwa umeanza, kuna siku kwangu mimi simu nilikuwa nachaji kwa jirani mwenye sola. Mmoja akasema "nikanunue bajaji ya umeme nchi haina umeme?" watu wakacheka, hoja ikaisha hapo. Ilikuwa hoja yenye mantiki lakini haikuwa nzima, nitaeleza.

Ya nne ndo kufunga mfumo wa gesi, hii gesi asilia yetu ya kutoka Songo Songo na Mnazi Bay. Kilo moja shilingi 1,550. Kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kama lita moja na nusu ya petroli, kwaiyo bajaji ya lita tano na nusu inahitaji kilo tatu na pointi saba. Pigeni wenyewe: chini ya elfu 6 badala ya elfu 18. Elfu 12 kwa siku inabaki mfukoni. Niliposoma hiyo namba kwa sauti kuna jamaa alisimama akakaa tena.

Tulivyoamua

Fundi alitupa bei ya 950,000 kwa bajaji, mtungi wa kilo nne, regyuleta, mipira, swichi ya kubadilisha petroli na gesi, na kazi yake. Kibubu kinatosha bajaji nne.

Nani aanze? Wazee wa kikundi walitaka ukongwe uangaliwe. Tukabishana karibu saa nzima, mwisho tukakubaliana aanze anayeunguza wese jingi, kwa sababu ndo atakayeokoa zaidi na kurudisha haraka ili mwingine afunge. Nikatoa daftari, wanne waliotembea zaidi wakaonekana: wawili wenye bajaji zao, mmoja wa mkataba, mmoja wa hesabu. Huyu wa hesabu alipigiwa simu bosi wake mbele ya kikao, bosi akasema "fungeni tu, mimi sina neno". Tukachukulia hiyo ni ruhusa.

Marejesho tukaweka elfu 10 kwa siku kwa siku 100, ile 50,000 ya juu inabaki kwenye kibubu. Logiki yake: anaokoa 12, analipa 10, anabaki na 2 ya kujifariji. Mimi ndo niliyepanga hivo na nilijiona bingwa wa fedha.

Jambo moja zuri tulilofanya, na lilitoka kwa fundi siyo kwetu, ni kukataa kung'oa mfumo wa petroli. Mwanachama mmoja alitaka tenki litolewe ili mtungi ukae vizuri. Fundi akagoma, akasema gesi mnayoiona leo ipo, kesho mtakuja kunitafuta.

Novemba

Mitungi ilifungwa wiki ya kwanza ya Novemba. Siku mbili za kwanza kijiwe kizima kilikuwa kinaenda kuangalia swichi kama mtoto mchanga. Abiria wengine waliogopa, mama mmoja alichungulia nyuma akaona mtungi akashuka na mfuko wake wa mboga, "mwanangu mimi bomu sipandi". Ikabidi madereva wajifunze kueleza kwamba huu siyo ule mtungi wa jikoni, gesi hii ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapaa, ile ya jikoni ndo nzito inatambaa chini. Walioeleza vizuri abiria walikaa.

Tatizo lilikuwa kituoni. Wakati ule vituo vya kujaza gesi Dar nzima unavihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na magari yaliyofungwa mfumo yalikuwa yanaongezeka kila wiki, siyo sisi tu tuliosoma namba ya 1,550. Dereva wetu wa kwanza aliingia foleni saa kumi na moja alfajiri akidhani kawahi. Akatoka saa mbili na nusu. Mkupuo wa asubuhi wote umeisha akiwa anasukuma bajaji mita tano tano kwa mguu ili asiwashe injini.

Gari ndogo yenye mtungi wa kilo 11 au 15 inajaza leo inarudi keshokutwa. Bajaji yenye mtungi wa kilo nne inarudi kesho. Na wala siyo kilo nne kamili, hili tulilijua kwa kuumia. Gesi ikiingizwa kwa kasi mtungi unapata joto, geji ya presha inasoma bar 200, pampu inakata, unaona umejaa. Ukifika kijiweni mtungi umepoa geji imeshuka 170. Ukijaza saa saba mchana wa Novemba, jua la Dar mnalijua, unapata kilo tatu na robo hivi umelipa kilo tatu na robo, kwaiyo hela hujaibiwa, ila jioni saa moja abiria ndo wamejaa wewe gesi imekata.

Halafu umeme ukikatika kituoni, hakuna gesi. Gesi inakuja kwenye bomba ikiwa na presha ndogo, inabidi kompresa iisukume mpaka iwe ngumu ndo iingie kwenye mtungi, na kompresa ile inakula umeme. Mgao ukapiga siku mbili mfululizo, foleni ikazunguka mpaka barabara ya pili, watu wamelala na mashuka. Yule aliyesema nikanunue bajaji ya umeme nchi haina umeme alikuwa wa nane kwenye foleni siku hiyo. Sikumkumbusha, ila alinikumbusha mwenyewe.

Wiki ya tatu ikatokea ile ya Mandela. Kijana wa mkataba alikuwa hajagusa petroli tangu afunge gesi, tenki kalikausha kabisa, ili iweje aweke wese la elfu tatu wakati kuna gesi. Gesi ikamkatia katikati ya barabara na abiria wawili ndani, kaweka petroli ya chupa, kabureta ishajaa ukoko haivuti. Wakasukuma mpaka pembeni, abiria wakachukua bajaji nyingine, yeye akalipa fundi elfu 35 na mauzo ya jioni hakuna. Na plagi zikaanza kusumbua kwa wote wanne, maana gesi inataka cheche kali kuliko petroli, plagi iliyochoka ambayo kwenye petroli ingeenda mwezi mzima kwenye gesi inakohoa siku hiyo hiyo.

Mwisho wa mwezi nikafunga daftari. Mauzo ya wale wanne yalikuwa yameshuka kutoka wastani wa 48 mpaka 39. Gesi elfu 6. Kinabaki 33, zamani kilikuwa kinabaki 30. Faida ya kufunga gesi: elfu tatu kwa siku. Na mimi nawadai elfu kumi kwa siku.

Mmoja alikuwa ameshaenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya riba ya kuumiza, ili anilipe mimi. Hilo liliniuma sana na mpaka leo nikilifikiria naona haya.

Zamu ya usiku

Kikao cha dharura Desemba. Kwanza marejesho yakashushwa mpaka elfu 5 kwa siku 200, na yule wa kausha damu kikundi kikamtoa huko kwa hela ya misiba, kuna waliosusa lakini ikapita.

La pili lilitoka kwa mzee. Akauliza swali la kijinga kabisa: nyie mkienda foleni saa kumi na moja mnafuata nini, si mnafuata gesi ya kesho? Basi ifuateni leo. Tukaanza zamu. Bajaji zote nne zinakusanywa saa tano usiku baada ya mkupuo wa jioni, madereva wawili tu ndo wanakwenda nazo, kila mmoja anapeleka moja anarudi kuchukua ya pili, wengine wawili wanalala. Kesho yake wanabadilishana. Saa saba, saa nane usiku foleni ni ya kuhesabika, kuna muuza kahawa na kashata anazunguka, watu wanacheza karata juu ya boneti, na mtungi unapoa haraka kwaiyo ukijaza unajaa kweli, geji ikikupa 200 asubuhi unaikuta 185, 190.

La tatu, sheria ya lita mbili. Kila bajaji lazima iwe na lita mbili za petroli tenkini na asubuhi iwashwe na itembee kidogo kwa petroli ndo ibadilishwe. Inakula kama elfu moja kwa siku. Waliona ni hasara mpaka ilipowaokoa siku ya mgao.

Januari daftari likasoma hivi: mauzo wastani 46, gesi pamoja na petroli ya kuwashia elfu 7. Kinabaki 39. Faida elfu 9. Siyo 12 niliyoisoma nyuma ya kibanda, lakini hii ilikuwa ya kweli.

Ya yule wa hesabu

Februari 2024 bosi wake akamwambia alete bajaji, anampa mtoto wa dada yake. Dereva anasema sawa bosi, ila mtungi ni wangu, bado nadaiwa laki tano na ushee na kikundi. Bosi akajibu bajaji yangu umeitoboa mwenyewe kufunga hivo vitu, ukitoa utaniachia matobo. Mwenyekiti alikwenda, mjumbe alikwenda, mwisho bosi akatoa laki mbili "ya heshima". Deni lililobaki kikundi kililigawana, dereva akahamia deiwaka, yaani kushikia bajaji za wenzake kwa siku, akaja kupata bajaji nyingine miezi minne baadaye.

Kile "fungeni tu, mimi sina neno" cha kwenye simu hakikuwa na maana yoyote. Kilikuwa hakimgharimu kitu bosi kukisema na hakikumfunga kitu.

Walipofika

Katikati ya 2024 bajaji tisa kati ya 12 zilikuwa za gesi. Mkopo wa kwanza ulimalizika kwa siku 230 badala ya 100. Wale wawili wa hesabu waliobaki walifunga kwa utaratibu mwingine: bosi mmoja, mama wa makamo mwenye bajaji mbili, alikubali kulipa nusu ya mfumo kwa maandishi, na hesabu ikapanda kutoka 20 mpaka 23. Dereva anaokoa 9, anamwachia mama 3, kila mtu kalala usingizi. Mwaka 2025 vituo viliongezeka, kikiwemo kituo mama cha TPDC, shirika la mafuta la taifa, barabara ya Sam Nujoma, na zamu ya usiku ikafa yenyewe, siku hizi mtu anakwenda saa tano asubuhi wakati wa kulala miguu nje.

Watatu hawajafunga. Mmoja ni mzee, anasema yeye anatembea kilomita 60 tu kwa siku, mtungi utamzika kabla haujajilipa. Nilimpigia hesabu, yuko sahihi.

Uchambuzi: wapi tulipatia, wapi tulichemka

Kosa kubwa ni langu na ni la kwenye daftari. Nililinganisha bei na bei. Petroli ya elfu tatu na ushee dhidi ya gesi ya 1,550, nikashangilia. Sikuweka safu ya saa. Kwa mtu mwenye gari la ofisi foleni ya masaa matatu ni kero tu, ila kwa dereva wa bajaji ambaye hela yake yote iko kwenye masaa sita ya siku, masaa matatu ya asubuhi ni nusu ya mshahara. Ningekwenda kukaa kituoni asubuhi moja tu na saa mkononi kabla ya kufunga, ningeliona. Nauli ya kwenda ilikuwa mia saba.

Halafu kuna hili la kudhani kwamba nchi ikiwa na gesi basi wewe una gesi. Kila mtu kijiweni alikuwa anaijua ile namba ya futi za ujazo trilioni 57. Ni kweli imegunduliwa, ila sehemu kubwa iko chini ya bahari ya kina kirefu huko Lindi na Mtwara, haijaanza kutoka. Tunayoichoma ni ya Songo Songo iliyogunduliwa 1974 na Mnazi Bay ya 1982, inakuja kwa bomba mpaka Dar, na kwenye bomba ilikuwepo ya kutosha. Iliyokosekana ilikuwa mipira ya kujazia. Gesi ya kutosha, pampu chache, kompresa inayolala na umeme.

Na ukiangalia hata petroli ya dunia ni hivo hivo. Kuna mtaalamu wa Marekani, Hubbert, 1956 alitabiri mafuta ya nchi yake yatafika kilele karibu na 1970 halafu yashuke, na kweli 1970 yakafika kilele yakashuka. Watu wakasema basi, mwisho unakuja. Baadaye wakajifunza kupasua miamba, na 2018 Marekani ikawa inatoa mengi kuliko ule mwaka wa 1970. Mafuta yalikuwepo ardhini muda wote. Kinachokupiga wewe wa Kimara siyo kilichobaki ardhini, ni kinachopita leo kwenye mrija, iwe mrija ni kikao cha OPEC, mlango wa bahari wa Hormuz kule Ghuba ya Uajemi ambapo karibu moja ya tano ya mafuta ya dunia yanapita, dola benki, au mpira wa kujazia gesi wenye foleni ya bajaji arobaini. Mzee alishasema, mtu kasimama mlangoni.

Kuhusu umeme. Tuliukataa kwa sababu ya mgao, na mgao ukatukuta kwenye gesi. Sisemi tungenunua za umeme, hela hatukuwa nayo. Nasema swali tuliuliza upande mmoja tu. Kila kilichopendekezwa kingepaswa kuulizwa "hiki nacho kinategemea nini", hadi mwisho wa waya. Na hali inabadilika: mtambo wa kwanza wa bwawa la umeme la Nyerere uliwashwa Februari 2024, megawati 235 kati ya 2,115, na mgao ukapungua. Hoja iliyoua bajaji ya umeme Septemba 2023 ilikuwa na uhai wa miezi sita. Hakuna aliyeirudisha mezani.

La bosi na dereva nadhani ndo lenye faida kubwa kwa vijiwe vingine. Mwenye chombo halipi wese, kwaiyo hana haraka ya kufunga gesi. Anayelipa wese hana chombo, kwaiyo akifunga anafunga kwenye mali ya mtu. Hapo teknolojia haina kosa lolote, na mkopo hata ukiwa nafuu hautatui. Kilichotatua ni karatasi moja yenye sahihi mbili na elfu tatu kwa siku.

Tulichopatia: kuanza na wanaotembea zaidi, kubaki na petroli, kuandika kila siku hata siku mbaya. Bila daftari tungebaki tunabishana kwa hisia, kuna aliyekuwa anaapa gesi inamtajirisha na namba zake ndo zilikuwa mbaya kuliko za wote.

Na kuna watu wananiambia gesi ndo mbadala wa mafuta. Kwa mfuko wa dereva ndiyo, bei yake iko kwa shilingi, wakati wote ule wa kisa hiki ilikuwa 1,550 ile ile huku petroli ikiruka kila Jumatano, na haipiti Hormuz. Lakini nayo inachimbwa, inachomwa, na kisima chake kinapungua presha kama kisima chochote. Sisi tulihama mlango, nyumba ni ile ile.

Kingine kimoja hatujakimaliza. Kwenye shingo ya kila mtungi kumegongwa tarehe, na fundi alituambia baada ya miaka mitano lazima ukapimwe kwa presha la sivyo vituo vitakataa kuujaza. Mitungi ya mwanzo, ukihesabu tangu kufungwa, inafika Novemba 2028. Niliuliza kikao kilichopita tuanze kutenga mia mbili kwa siku kwa kila bajaji, wakasema tutaongea, halafu mvua ikaanza watu wakakimbilia abiria.